Celica ya mjomba imeliwa na kutu: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 17, nimemaliza kidato cha nne, naishi Mikindani na mama. Mjomba alipohamia Dar aliniachia Toyota Celica ya 1987, ile ya taa zinazoibuka. Imekaa chini ya mkorosho misimu minne. Injini inawaka. Lakini madigadi ya nyuma yamefura kwa kutu, milango imeoza kwa chini, na upande wa dereva nikiinua kapeti naona mchanga wa uani. Fundi mmoja amesema nimpe laki tatu apige puti na rangi, gari litoke jipya. Kwenye simu naona vijana wa Ulaya wanachomelea wenyewe nyumbani kwao. Mama anasema niwauzie wa vyuma chakavu kabla halijawa nyumba ya nyoka. Naweza kulitengeneza mwenyewe? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo laki tatu usimpe mtu kwanza. Simwiti fundi huyo mwizi. Inawezekana mkono wake ni mzuri na rangi itang'aa kweli. Shida ni kwamba puti, ule uji mzito wa kujazia bodi kabla ya rangi, haishiki kitu, yenyewe ndiyo inayoshikwa. Ukiipaka juu ya kutu, imeshikwa na kutu, na kutu haijashikwa na chochote.

Nasema hivi kwa kuwa nimewahi kuifanya kazi hiyo. Mwaka wangu wa pili wa ufundi, hapa Lindi, nilijaza mlango wa pikapu ya muuza samaki kwa magazeti, nikapaka puti juu, nikapiga msasa hadi mwenye gari akajitazama sura mle. Alinilipa na soda juu. Mvua za mwaka ule ule akarudi. Hakusema neno, aliubamiza tu mlango, na kipande cha puti chenye umbo la mlango kikaanguka chini. Magazeti yakatokeza. Kuna mzee alikuwa amekaa kibarazani, akainama na kuanza kusoma habari za michezo za mwaka juzi. Tangu siku hiyo naanzia ndani, sianzii nje.

Na ndani ya gari lako kuna chumvi. Unakuta gari la umri huo Dodoma sakafu yake ukiigonga inalia kama ngoma. Wale hawana utunzaji kutuzidi sisi, ila hawana bahari. Kutu inataka chuma, hewa na maji, basi. Chumvi haimo kwenye hesabu hiyo, lakini ikiingia ndiyo inayokimbiza kazi, maana maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri, na kutu kwa undani wake ni mwendo wa umeme mdogo mdogo: sehemu moja ya bati inatoa, ya pili inapokea, iliyotoa inaliwa. Tena chumvi inavuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukivuka kama asilimia 75, chembe ya chumvi ya kawaida inayeyuka yenyewe pale ilipo bila tone la mvua, na ile ya bahari, kwa kuwa ina magnesi ndani yake, inaanza kuloa mapema zaidi. Umeshaona chumvi ya jikoni inavyoshikana kwenye kisahani usiku. Hivyo ndivyo Celica ya mjomba ilivyokuwa ikilala hapo ghubani, usiku baada ya usiku, misimu minne.

Ubaya wake mwingine ni kwamba haiishi. Inasaidia chuma kuoza lakini yenyewe haitumiki, inabaki kwenye vishimo chini ya kutu ikisubiri unyevu mwingine. Ndiyo maana bati ulilolisugua jioni likang'aa kama shilingi, asubuhi unalikuta na vumbi la rangi ya bizari.

Kwa hiyo kifaa chako cha kwanza ni ndoo. Grenda itafuata baadaye sana. Toa viti, toa kapeti yote pamoja na lile godoro la chini yake linalonyonya maji kama sponji, toa vibao vya plastiki vya milango, toa tairi la akiba. Kisha osha gari kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ndani ya madigadi, chini ya tumbo, ndani ya milango, siku tatu mbalimbali, ukiacha likauke vizuri kila mara. Lakini yaonje maji kwanza. Visima vingi vya pwani yetu vina munyu, na ukioshea maji ya munyu unaongeza ulichokuja kukitoa. Ya bomba ni sawa. Ya mvua yaliyokingwa batini, baada ya mvua ya kwanza kusafisha paa, ndiyo mazuri kuliko yote.

Wakati unaosha, tazama maji yanatokea wapi. Chini ya kila mlango na chini ya kizingiti, yaani lile boksi la bati unalolikanyaga ukiingia, kuna vitundu vya kutolea maji. Naweza kuapa vyako vimeziba. Chukua waya, au njiti ya ukuti ukikosa waya, uvizibue. Utatoka uji mweusi wa majani ya mkorosho na mchanga. Fungua na ile mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele, zinapokaa waipa. Majani yakijaa pale, maji yanatafuta njia ya kuingia miguuni pa dereva, na nadhani ndivyo sakafu yako ilivyokwisha. Kama gari lina dirisha la juu, ile fremu yake ina mirija inayoshuka ndani ya nguzo. Mimina kikombe cha maji pembeni yake uone kama yanatokea chini au yanabaki ndani. Kazi hii ya siku moja, isiyokugharimu hata mia, ina faida kuliko rangi yoyote utakayokuja kununua. Ukiziba tundu la sakafu ukaacha mfereji umeziba, umetengeneza beseni.

Sasa mpime mgonjwa. Tafuta sumaku ya spika mbovu, ifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe taratibu kwenye bodi lote. Itakapoacha kuvuta, hapo pana puti ya zamani na chini yake pana hadithi. Kisha chukua bisibisi pana ya bapa na nyundo ndogo. Gonga. Bati zima linajibu kwa sauti kavu. Lililooza linajibu kama boksi la karatasi lililoloa. Panapojibu hivyo, chokoa kwa bisibisi bila huruma. Vijana wengi wanaogopa kutoboa gari lao. Bisibisi haitoboi bati zima, mwanangu. Ikiingia, tundu lilikuwepo tayari, rangi tu ilikuwa imelifunika. Zungushia chaki kila mahali palipoingia.

Chaki hizo ndizo zitakazotuambia lipi ni lako na lipi si lako. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea kama Land Cruiser la kazi. Bodi lenyewe ndilo mifupa. Uingereza wana kanuni kwenye ukaguzi wao wa kila mwaka ambayo naipenda: kutu iliyodhoofisha bati ndani ya sentimita 30 kutoka mahali unapofungwa mkanda wa usalama, shokapu au usukani, gari halipiti. Chukua rula yako ya shule upime hivyo hivyo. Kilicho ndani ya rula hiyo ni mfupa. Vizingiti pia ni mfupa, hata kama hakuna mkanda karibu, na sakafu pale zinapokaa bolti za viti. Kingo za madigadi, ngozi ya nje ya milango, shimo la tairi la akiba, hizo ni ngozi.

Ngozi shughulika nayo wewe. Mfupa unapelekwa kwa fundi mwenye mashine ya waya, ile wanayoiita MIG.

Hapo ndipo najibu habari ya vijana wa Ulaya. Bati la nje la gari kama hili lina unene wa kama milimita 0.8. Yule jirani anayechomelea madirisha na mageti kwa vijiti ni fundi mzuri wa mageti, lakini akiligusa bati hilo kwa kijiti cha milimita 2.5 atapata tundu, ataziba tundu, atapata mawili. Wale unaowaona simuni wanatumia waya mwembamba wa milimita 0.6 au 0.8 unaotoka wenyewe pamoja na gesi. Wanadonoa: nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, wanaacha pakapoa, wanarudi. Ukiona mtu anavuta mstari mrefu kwenye bati la gari, bati litakunjamana kama chapati iliyosahaulika jikoni. Kuna VETA Mtwara na VETA Lindi. Ukiwa unasubiri kwenda mbele na umeipenda kazi hii, kaulize kozi zao za uchomeleaji. Lakini usijifunzie kwenye kizingiti cha gari utakalompakia mama yako.

Unachoweza kufanya ni kumpunguzia fundi kazi, ndipo gharama inaposhuka. Tengeneza viraka mwenyewe. Usikate bati la kuezekea nyumba. Geji 28 ni kama nusu ya unene unaoutaka, na zinki iliyopakwa juu yake ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaompa mtu homa na kutetemeka usiku. Tafuta paa au boneti la gari lililokufa, au bati jeusi, lisilopakwa zinki, la milimita 1. Kata kiolezo cha karatasi ngumu kwanza, jaribu, rekebisha, ndipo ukate chuma. Kona za kiraka ziwe za mviringo. Na sehemu iliyooza ikatwe hadi ufike kwenye bati linalong'aa pande zote mbili, hata kama tundu la ukubwa wa kiganja litakuwa la ukubwa wa sinia. Kiraka kikae usawa na bati la zamani, ukingo kwa ukingo. Wanaopachika kiraka juu ya oza wanaacha mfuko kati ya mabati mawili, na mfuko huo unajaa chumvi kabla hujamaliza mwaka.

Turudi kwenye ngozi, nikueleze digadi moja kwa karibu. Ukingo wa digadi la nyuma ni mabati mawili yaliyokunjwa pamoja, la nje na la ndani, na tairi linarusha tope pale pale kwenye mkunjo. Lile vimbe unaloliona kwa nje ni kutu inayotanuka katikati yao. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyokula. Ingia kwa ndani, kwangua tope lote, kisha brashi ya waya, kisha msasa namba 80. Simama ukifika kwenye chuma cha kijivu kilicho na vidoa vyeusi vidogo kama mbegu za ufuta. Vidoa hivyo ndivyo vishimo, msasa hauvifikii. Osha tena kwa maji baridi, kausha juani, ndipo upake dawa ya kutu.

Dawa hizi ni za aina mbili kubwa, nyingine zina asidi ya fosforasi na nyingine zina tanini. Tanini unaijua hata kama hujawahi kulisikia jina. Ule ukakasi wa bibo unaokukaza ulimi ndiyo yenyewe, na kisu cha chuma cha kawaida kikikatia mabibo kinageuka cheusi. Ndivyo dawa inavyofanya: inakutana na kutu, inaigeuza kitu cheusi kisichoendelea kuoza. (Usije ukapaka juisi ya mabibo. Kuna kijana alishaniuliza. Ina sukari, utafuga siafu.) Dawa inafanya kazi kwenye kutu nyembamba tu. Magamba manene ya kubanduka haiyapenyi, inapaka weusi juu na chini mambo yanaendelea. Soma maelezo ya kopo lako kama linataka kuoshwa baadaye au la, maana zinatofautiana.

Bati likishakuwa tupu usiliache lilale. Sugua leo, praima leo, yaani ile rangi ya kwanza inayoshika chuma. Kwa hapa kwetu panga kazi miezi ya Juni hadi Oktoba mvua zikiwa zimekwisha, anza kupaka saa nne asubuhi umande ukishakauka, na umalize kama saa saba kabla kusi haijaanza kupeperusha vumbi na marasharasha ya bahari. Tafuta praima ya epoksi, ile ya makopo mawili ya kuchanganya. Inaziba maji kweli. Praima ya kijivu ya kawaida ina vinyweleo, inakunywa unyevu. Ndiyo maana gari linaloachwa na praima tupu mwaka mzima likisubiri hela ya rangi linaoza chini yake huku mwenyewe anajipongeza. Puti inakuja hapo tu, juu ya epoksi, nyembamba, isizidi milimita 3, na uipige msasa mkavu kwa kuwa nayo inanyonya maji. Kwenye maungio tumia gundi ya maungio ya magari. Silikoni ya bafuni inayonuka siki ni siki kweli, inatoa asidi ikikauka na inakula bati uliloliponya.

Bolti na vibano vidogo vilivyoshikwa na kutu, vitumbukize kwenye siki usiku kucha, sugua, suuza kwa maji yenye magadi kidogo kuua asidi, kausha, paka mafuta. Hayo ni madogo.

Rangi ya mwisho niachie mimi au fundi mwingine mwenye chumba na barakoa ya hewa. Rangi nyingi za magari za kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuikausha iwe ngumu, zina sumu inayoharibu mapafu, na kitambaa cha pua hakikusaidii kitu.

Sasa niwe mkali kidogo. Gari halilali juu ya jeki. Weka stendi za chuma, na kwa kuwa uwanja wenu ni mchanga, chini ya kila stendi weka ubao mpana na mnene. Matofali hapana, yanapasuka bila kuaga. Usiweke jeki kwenye kizingiti kilichooza, kitakunjika kama kopo la maziwa na gari litakufuata chini. Ukitumia grenda vaa miwani ya kazi, ya jua haikingi. Upande wa digadi lenye kifuniko cha mafuta, nyuma ya bati unapita mrija wa kujazia tangi. Hapo usipeleke cheche kabisa hadi tangi na mrija vimetolewa na kupelekwa mbali. Kabla ya mtu yeyote kuchomelea, ondoa waya za betri zote mbili, toa kila kinachoweza kuungua upande wa pili wa bati, weka ndoo ya mchanga karibu, na kaeni hapo saa nzima baada ya cheche ya mwisho. Sponji za gari zinaungua kimyakimya.

Wazee watakuambia upake oili chafu chini ya gari. Nawaheshimu, lakini siipaki. Ina asidi na uchafu wa injini, inaharibu mpira wa bushi, inakusanya mchanga, na hapo Mikindani itadondoka hadi kisimani kwa jirani. Lami nayo juu ya kutu ni blanketi, inaifunika ikaoza kwa starehe. Ndani ya vizingiti na milango pitisha grisi iliyolainishwa kwa oili safi, inyunyize kwa mrija kupitia vile vitundu ulivyozibua, kisha uvizibue tena.

Na litoe hapo chini ya mkorosho. Kivuli ni kizuri, ila majani yanajaa kwenye mifereji na udongo wa pale haukauki. Turubai usilibane kwenye bodi, linafungia unyevu ndani. Banda la makuti lililo wazi pande zote, chini kokoto, linatosha.

Mama msikilize pia, kwa sababu anaweza kuwa na haki. Najua hadhi ya gari hili. Mwaka 1990 dereva wa mashindano Björn Waldegård alishinda Safari Rally kwa Celica ya umbo hili hili, ingawa ile ilikuwa GT-Four yenye turbo na inavuta magurudumu yote manne. Lakini jina haliungi bati. Fungua buti, toa vibao vya pembeni, utaona kule juu vikombe viwili vya chuma vinavyopokea vichwa vya shokapu za nyuma. Gonga kuzunguka vile vikombe. Bisibisi ikiingia pale pande zote mbili, uza injini, uza taa, uza viti, bodi wape wa vyuma chakavu, na hiyo laki tatu itakufaa kwenye ada. Vikiwa vizima, sakafu na vizingiti vinatibika. Laki tatu haitoshi rangi ya gari zima, ila inaweza kununua msasa, dawa na praima, na ikibaki kidogo umtangulizie fundi wa MIG.

Hivyo vikombe vipige picha mchana, taa ya simu ikiwa imewashwa, ukishavisugua kidogo kwa brashi. Nitumie kabla hujanunua hata karatasi moja ya msasa.